GARI LISILO MOSHI NA HAKI YA JIRANI

Hakuna baraza siku hizi katika miji yetu ya pwani isiyopitiwa na khabari ya magari yasiyokunywa petroli. Tarehe 1 Septemba 2023 Rais wa Kenya alizindua pikipiki za umeme mjini Mombasa, na wako wasemao kuwa baada ya umeme itafuata haidrojeni, ambayo gari likiitumia halitoi moshi ila mvuke wa maji. Khabari hizi ni za kheri, wala hatuna nia ya kuzipunguza thamani. Walakini ndani yake limezuka suali, nalo limezungumzwa katika darsa yetu zaidi ya mara moja: Je, gari lisilotoa moshi halimdhuru mtu? Na ikiwa lamdhuru mtu aliye mbali, asiyeonwa na dereva wala abiria, ni nani mwenye lawama?

Tumewaona wenzetu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kuwa dhara ya gari ni moshi wake. Moshi ukiondoka, dhara imeondoka, na mwenye gari alale usingizi wake. Kundi la pili lasema kuwa haya yote ni biashara ya matajiri, kwamba uchafu umehamishwa tu kutoka hapa ukapelekwa pale, basi heri tubaki na dizeli tuliyoizoea. Sisi twaona kuwa makundi yote mawili yameikimbia hisabu. La kwanza limehisabu kitokacho katika ekzosi peke yake, na la pili limekataa kuhisabu kabisa. Twataka tuhisabu pamoja na msomaji, polepole, kisha tutazame mizani yaelekea wapi.

Kwa ajili hiyo twaomba ruhusa tumpeleke msomaji Machakos, bara, katika nchi ya Wakamba. Huenda akauliza: yatuhusu nini Machakos sisi watu wa bahari? Jawabu ni kuwa vitu vitatu vyatuunganisha na nchi ile, tupende tusipende. Cha kwanza ni barabara. Malori yatokayo bandari ya Kilindini kwenda Nairobi, Kampala na Kigali hupita katika ardhi ya Machakos, na mji mmoja wa huko waitwa Mlolongo kwa sababu ya malori yaliyokuwa yakijipanga kungoja mizani. Cha pili ni bomba la mafuta, lililoanza kazi mwaka 1978, lipelekalo petroli na dizeli chini ya ardhi kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Cha tatu ni maji. Mto Athi huikata nchi ya Machakos, huteremka Ukambani, hupita Tsavo kwa jina la Galana, na huingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Visima vya Baricho, vilivyo ukingoni mwa Sabaki, ndivyo viwapavyo maji watu wa Malindi na Kilifi na sehemu ya Mombasa. Mto Tana nao hutuliza maji yake katika bwawa la Masinga, mpakani mwa Machakos na Embu, kisha huteremka hata Garsen na Kipini. Basi mizigo yetu yapanda kwao kwa barabara na kwa bomba, na maji yao yateremka kwetu kwa mito miwili. Watu walio hivi hawawezi kuambiana: wewe si jirani yangu.

Katika njia hiyo hiyo twaweza kuisoma historia ya nguvu ziendeshazo mizigo. Kabla ya reli, mali ilipanda bara juu ya vichwa vya wapagazi, na wengi wao walitoka katika miji yetu hii. Machakos ilikuwa kituo cha misafara, na kampuni ya Kiingereza ya Imperial British East Africa Company iliweka kituo chake hapo mwaka 1889. Nguvu ya wakati ule ilikuwa ni shingo ya mtu. Posho ikiisha njiani, ndiyo mafuta yameisha. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, ikiuacha mji wa Machakos kando, watu walisema taabu imekwisha. Lakini gari la moshi lilikula kuni, na miti iliyo karibu na njia ikakatwa, hata ikabidi reli ipande mikaratusi yake yenyewe. Kisha yakaja mafuta mazito. Injini kubwa zilizoletwa mwaka 1955 zilichoma hayo, na watu wakasema sasa miti imepumzika. Hatukanushi kuwa kila hatua ilikuwa na nafuu yake, kwani mwenye akili hawezi kuulinganisha upagazi na reli. Twasema tu kwamba kila mara mzigo uliondolewa juu ya mtu mmoja ukatuliwa juu ya mwingine ambaye hakuwako barazani siku ya shangwe.

Na tuitazame kwanza dizeli, kwa kuwa ndiyo tuliyoizoea na ndiyo isiyoulizwa. Mwezi wa Mei mwaka 1915 hakuna aliyeijua bomba. Miaka 100 baadaye, Mei 2015, wakazi wa Thange, katika upande wa Kibwezi, waliona mafuta yametanda katika mto wao. Nchi hiyo sasa ni ya Makueni, lakini hata mwaka 1992 ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos. Bomba lile kuukuu la kutoka Mombasa lilikuwa limevuja chini kwa chini. Watu waliokuwa wakilima mboga kwa maji ya mto ule, na wakinywesha mifugo, na wakichota ya nyumbani, walipoteza vyote hivyo kwa pamoja. Waliingia mahakamani, na mwaka 2025 ndipo mahakama ya mazingira na ardhi ya Makueni ilipotoa hukumu ya kuwafaa. Hiyo ni miaka 10. Mto Thange hutia maji yake katika Athi, na Athi, kama tulivyosema, ndiyo Sabaki. Basi asemaye kuwa dizeli ni kitu kilichokwisha kujulikana na kuzoeleka, na amuulize mtu wa Thange imezoeleka kwa nani.

Pili, tutazame madini ya risasi. Tangu mwaka 1923 madini haya yalitiwa katika petroli huko Marekani ili injini isigonge, na desturi hiyo ikaenea dunia nzima. Hatari yake haikuwa siri: mwaka 1924 wafanyakazi wa kiwanda huko New Jersey walikufa kwa sumu hiyo. Hata hivyo nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka 2006 tu, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, mwaka 2021. Watu wengi walifurahi, na ilikuwa haki wafurahi. Lakini mwaka uliofuata, 2007, katika kijiji cha Owino Uhuru hapa hapa Mombasa, kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha risasi iliyotolewa katika betri kuukuu za magari. Moshi wake na maji yake vikaingia katika nyumba za watu, na watoto wakaonekana wana risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 mahakama ya rufani ikaitangua hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Risasi ilitolewa kwa mlango wa petroli ikarudi kwa mlango wa betri, na waliofungua mlango wa pili hawakuwauliza waliolala ndani.

Tatu ni mbono, ambao sisi watu wa pwani twaujua tangu utoto kwa kuwa ni mti wa ua na wa makaburini. Miaka ya 2000 na kitu ilisemwa kuwa mbegu zake zitatoa mafuta ya kuendesha magari, na kwamba mti huu hustawi katika nchi kavu isiyofaa mahindi. Wakulima wa Ukambani wakaupanda kwa matumaini, na huko Dakatcha, nyuma ya Malindi, kampuni ya Kitaliano ikataka hekta 50,000 za msitu na makao ya watu. Mwaka 2009 wataalamu walitoa uchunguzi wao kuhusu mashamba ya mbono ya Kenya, wakaona mazao ni haba mno wala hayamlipi mkulima, na wakashauri upandwe kuwa ua tu. Shamba la Dakatcha halikusimama. Yaani baada ya mashauri na ghadhabu nyingi, elimu ilirudi pale pale walipokuwa wazee wetu: mbono ni mti wa ua. Fungu hili si dogo kwa mwenye kufikiri. Kitu kinaweza kuitwa safi, na kikawa kimeota ardhini kwa jua la Mungu, na bado kikawa njia ya kumtoa mtu shambani kwake.

Sasa na tuje kwa umeme. Kenya imejaaliwa jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazina: takriban sehemu tisa katika kumi za umeme wake hazitoki katika makaa ya mawe wala mafuta, bali katika mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria, karibu na Naivasha, imekuwa ikitoa umeme wa mvuke tangu mwaka 1981. Kwa hivyo pikipiki ichajiwayo hapa kwetu haiwi sawa na ile ichajiwayo kwa makaa ya mawe. Uchafu wake kwa hewa ni mdogo mno ukiulinganisha na wa petroli. Hili ni jambo la kweli na lazima liandikwe katika upande wa kheri kwa hati kubwa. Lakini upande wa pili wa ukurasa nao haukosi maandishi. Mwaka 2014 Wamasai wa Olkaria walihamishwa kupisha mtambo mpya, kisha wakapeleka mashtaka Benki ya Dunia kuwa waliyoahidiwa siyo waliyopewa. Mwaka 2021 mahakama iliona kuwa hati za ardhi iliyojengwa mitambo ya upepo karibu na Ziwa Turkana hazikupatikana kwa njia ya sheria. Na bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, liliizamisha nchi ya kilomita za mraba 120 hivi. Tangu mabwawa makubwa yajengwe, mafuriko ya kawaida ambayo mkulima wa Kipokomo aliyategemea kupandia mpunga yamepungua. Taa iwakayo Machakos kwa maji ya Masinga ina deni Garsen, hata kama hakuna aliyewahi kuliandika.

Betri nazo zina safari yake. Baadhi yake hutaka kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, kiasi cha sehemu saba katika kumi, yatoka Kongo, hasa pande za Kolwezi, katika Katanga. Watu wa huko husema Kiswahili kama sisi, ijapokuwa chao kina ladha yake. Pamoja na makampuni makubwa, wako wachimbaji wadogo washukao mashimoni kwa sururu na koleo, na katika mwaka 2016 ulimwengu uliletewa ushahidi wa watoto waliokuwa wakiokota na kuosha mawe hayo. Ni haki pia tuseme kuwa ziko betri za chuma na fosfeti zisizotumia kobalti hata punje, nazo zazidi kuenea. Tafauti baina ya betri hizi mbili haionekani kwa macho wala haisikiki barabarani. Lakini kwa mtoto wa Kolwezi ni tafauti kubwa, na mnunuzi aweza kuijua akiuliza.

Inabaki haidrojeni, ambayo ndiyo isifiwayo kuliko zote. Kwanza ifahamike kuwa haidrojeni si kama petroli, kwa maana haichimbwi kisimani ikawa tayari. Hutengenezwa. Njia itumikayo zaidi duniani hata leo ni kuitoa katika gesi ya ardhini au makaa ya mawe, nayo hutoa uchafu mwingi. Njia safi ni kuyapasua maji kwa nguvu ya umeme, haidrojeni ikaenda upande mmoja na oksijeni upande wa pili. Kisha ndani ya gari vitu hivyo viwili vikutanishwe tena, vitoe umeme na maji. Kanuni hii ya kuvikutanisha imejulikana tangu mwaka 1839. Basi haidrojeni ni kama gunia la kuchukulia umeme, na swali la kwanza kwa mwenye gunia ni: umeme wenyewe umeutoa wapi?

Na tufanye hisabu ya lori moja kutoka Kilindini mpaka Nairobi, kilomita 480 hivi. Lori zito la haidrojeni hutumia kiasi cha kilo 8 kwa kila kilomita 100, basi safari nzima yataka kilo 40 au karibu yake. Kila kilo moja yala maji yasiyopungua lita 9, na ukitia yapoteayo katika kuyasafisha utafika lita 400 kwa safari, yaani madumu 20 ya lita ishirini ishirini. Kwa kweli hayo si maji mengi yakilinganishwa na shamba. Lakini katika Machakos, ambako mwanamke huamka alfajiri kwenda kutafuta dumu moja, hakuna mtu anayeweza kumwambia kuwa madumu 20 si kitu. Na zaidi ya maji ni umeme: kila kilo yataka uniti 50 na zaidi, basi safari moja yala uniti 2,000 na ushei. Nyumba itumiayo uniti 50 kwa mwezi ingeishi kwa umeme huo zaidi ya miaka mitatu. Lori la betri, kwa njia ile ile na mzigo ule ule, hazimfikii uniti 1,000. Sababu ni kuwa nguvu nyingi hupotea katika kuyapasua maji, na kuikandamiza gesi, na kuibadilisha tena kuwa umeme.

Hatusemi kwa hivyo kuwa haidrojeni haina mahali pake. Betri ni nzito na huchukua muda kujaa, na ziko kazi, kama meli na viwanda vya mbolea, ambazo huenda betri isiziweze. Serikali ya Kenya ilitoa mpango wake wa haidrojeni Septemba 2023, na jambo inalolitazama mbele ni mbolea. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, iliunda shirika la Hydrom mwaka 2022 na yataka kufikia tani milioni moja kwa mwaka ifikapo 2030, kwa jua na upepo wa jangwani na maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Mahali penye jangwa tupu na bahari jirani, hisabu huja namna moja. Mahali penye ukame na watu wenye kiu, huja namna nyingine. Kitu kimoja chaweza kuwa kheri Duqm na kikawa dhulma Machakos. Ndiyo sababu hatuwezi kusema haidrojeni ni safi au si safi kwa neno moja, bila kutaja mahali na bila kutaja watu.

Sasa twarudi kwa suali la lawama. Mafakihi hutafautisha baina ya mubashiri, yaani aliyetenda kwa mkono wake, na mutasabbibu, yaani aliyeweka sababu. Mtu akichimba shimo, na mwingine akamsukuma mpita njia ndani yake, lawama ya kwanza ni ya aliyesukuma. Lakini mtu akichimba shimo katika njia ya watu, na mpita njia akatumbukia usiku bila ya kusukumwa na mtu, aliyechimba hawezi kujitetea kwa kusema: mimi sikumgusa. Hapa twafundishwa mambo mawili pamoja. Lawama haigawanywi sawa kwa sawa kwa kila aliyekaribia jambo. Na wakati huo huo, kutogusa hakumtoi mtu katika lawama.

Tukilipima jambo letu hivi, mwenye kiwanda aliyetoa sumu ndiye wa mbele. Anayemfuata ni yule aliyewekwa kusimamia. Miji ya Waislamu ya zamani ilikuwa na muhtasibu, mtu wa kukagua mizani na vyakula na maji sokoni, na muhtasibu akilala, mji mzima hudhurika. Katika shauri la Owino Uhuru mahakama haikuwatia hatiani wenye kiwanda peke yao, bali na ofisi za serikali zilizopaswa kuangalia. Kisha ndipo tunapofika sisi, wenye kununua na kupanda.

Wako wasemao: sote tuna hatia, kwa kuwa sote twasafiri. Maneno haya yana sura ya unyenyekevu, lakini sisi hatuyapendi. Hatia ikiwa ya kila mtu kwa kadiri moja, hakuna anayeulizwa, na mwenye kiwanda hujificha nyuma ya mwenye tiketi ya basi. Twaona kuwa lawama ya mtu ni kwa kadiri ya alivyojua na alivyoweza. Mwanamke aliyepanda matatu kutoka Machakos kwenda hospitali mwaka 2010 hakujua habari ya bomba kuoza, wala hakuwa na gari jingine la kuchagua. Huyo hana neno. Lakini leo hukumu zimetolewa na magazeti yameandika. Baada ya kujua, kunyamaza huwa ni kitendo. Aliye na uwezo wa kuchagua baina ya betri mbili asiulize hata suali moja, huyo ameanza kulichimba shimo, ijapokuwa kwa kijiko.

Msingi wa yote haya ni kumjua jirani. Watu wetu wengi hudhani jirani ni yule ambaye ukuta wake wagusana na ukuta wako. Hilo ni jina la nyumba, si jina la haki. Jirani ni yule ambaye dhara yako yamfikia. Kwa maana hiyo mtu wa Thange ni jirani wa mwenye lori wa Mombasa, Mpokomo wa Garsen ni jirani wa mwenye taa Machakos, na mtoto wa Kolwezi ni jirani wa mwenye pikipiki ya Likoni. Wala haki ya jirani haikomei katika kutomdhuru. Ni haki yake pia aulizwe kabla. Watu wa Lamu wametuonyesha nguvu ya jambo hili: tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufani za mazingira lilikifuta kibali cha mtambo wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa huko, na moja katika sababu kubwa ilikuwa kwamba wenyeji hawakushirikishwa kama ipasavyo. Hawakushinda kwa fimbo. Walishinda kwa kushika suali moja bila kuliachia: mlituuliza lini?

Tunajua tutapingwa. Ataambiwa msomaji kuwa, tukingoja kila jirani aulizwe, tutaendelea kuchoma dizeli miaka ishirini zaidi, na kuchelewa nako ni dhara. Haya ni maneno yenye uzito, na twayapokea. Ndiyo maana hatusemi ingojewe. Tumekwisha kuona kuwa pikipiki ya umeme, kwa umeme wa nchi hii, ni bora kuliko ya petroli, na ajaye kununua leo anunue. Lakini angalieni: miaka 10 ya Thange na miaka zaidi ya 10 ya Owino Uhuru haikupotea kwa sababu watu waliulizwa mno. Ilipotea kwa sababu hawakuulizwa, kisha ikabidi wadai. Kumuuliza mtu mwanzo huchukua miezi. Kumlipa mwisho huchukua nusu ya umri wake, na wengine hufa kabla ya kulipwa.

Ataambiwa tena: mimi ni mtu mdogo, suali langu litamtisha nani? Tena tunamjibu kwa mambo ya karibu. Anunuaye pikipiki ya umeme aulize betri ikifa yarudi kwa nani. Katika mpango wa kubadilishana betri vituoni, betri hubaki mali ya kampuni, basi iko njia ya kuifuatilia mpaka mwisho wake. Lakini betri iliyouzwa ikaachwa mikononi mwa watu huishia kwa mwenye kuvunja vyuma, na huko ndiko Owino Uhuru ya pili inakoweza kuzaliwa. Ofisi inapotangaza kusikiliza maoni ya wenyeji juu ya kiwanda au mtambo, tusiwaachie vijana wawili watatu; waende wazee, waende na akina mama, na maneno yao yaandikwe. Na ziko safari ambazo hazikuwa na haja. Harusi iliyozungushwa mjini kwa magari ishirini matupu haisafishwi na betri ya aina yoyote, kwa kuwa israfu haina mafuta safi.

Huenda siku moja mtambo wa haidrojeni ukatafutiwa kiwanja katika nchi kavu ya bara, au hapa pwani kando ya bahari. Tutaletewa picha nzuri, na tutaambiwa kuwa kinachotoka ni maji matupu. Yatupasa siku hiyo tuwe tumekwisha kujifunza kuuliza mambo matatu, na tuyaulize kwa adabu bila kuchoka. Maji na umeme wake vitatoka kwa nani? Mabaki yake yatakwenda kwa nani? Na hao wawili, wameulizwa? Mtu akitujibu yote matatu mbele ya wenyewe, tutampisha njia na kumwombea baraka. Akishindwa hata moja, basi moshi bado uko, ila hatujaonyeshwa unakotokea.